Maji ya kutu: Jua kwanza chuma kinatoka wapi, ndipo ununue chujio

BIASHARA ya kuchimba visima vya nyumbani jijini Dar es Salaam huchangamka kila maji ya Mto Ruvu yanapopungua. Ilikuwa hivyo wakati wa ukame wa mwaka 1997, na ikawa hivyo tena mgawo wa maji ulipotangazwa mwaka 2021 na 2022. Mchimbaji ndiye hutangulia kulipwa. Nyuma yake hufuata wauzaji wa pampu, mabomba na simtanki, na miezi michache baadaye ndipo huingia wauzaji wa machujio, ambao kwa kawaida humpokea mteja akiwa tayari amekasirika.

Malalamiko ya mteja huyo hayatofautiani sana kutoka nyumba moja hadi nyingine. Siku kisima kilipofunguliwa maji yalitoka meupe, watu wakapiga makofi. Kesho yake ndoo iliyolala na maji ilikuwa na ukungu wa rangi ya udongo, na chini yake vumbi jekundu. Baada ya wiki mbili sinki la choo lilikuwa na mchirizi wa kahawia usiotoka kwa sabuni. Shati jeupe la shule likawa la njano. Chai ya rangi ikageuka nyeusi mithili ya wino, na maharage yakatoka jikoni na rangi ambayo mgeni hawezi kuandaliwa bila maelezo.

Huo ni wino kweli, au karibu sana na wino. Majani ya chai yana tanini, na tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi. Wino wa zamani wa kuandikia ulitengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo kikombe cha chai ni kipimo cha kwanza cha bure alichonacho mwenye nyumba. Kinamwambia kuwa chuma kimo. Hakimwambii ni kiasi gani, na jambo kubwa zaidi, hakimwambii kinatoka wapi.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Chuma cha kwenye maji ya kisima kina asili mbili. Kinaweza kutoka kwenye miamba na udongo uliobeba maji, au kikatoka kwenye mabomba ya chuma yenyewe yanayoliwa na maji yenye asidi. Kwa macho, kutu ni kutu. Lakini anayenunua chujio la bei kubwa kutibu maji yanayokula mabomba anatibu dalili, huku mabomba yakiendelea kutoboka kisimani. Naye anayeng'oa mabomba yote na kuweka mapya, kumbe chuma kinatoka ardhini, ataona rangi ile ile ikirudi wiki hiyo hiyo.

CHUMA CHA ARDHINI

Maji yanayokaa chini kwa muda mrefu bila kupata hewa, hasa penye tope, mfinyanzi na mabaki ya mimea, hupoteza oksijeni. Yakiwa katika hali hiyo huweza kuyeyusha chuma kilichomo kwenye udongo na kukibeba bila kuonyesha rangi yoyote. Ndiyo sababu glasi ya kwanza huonekana safi. Maji yakishakutana na hewa, chuma kilichoyeyuka hugeuka kuwa kutu isiyoyeyuka, ikaanza kuonekana na kutulia chini.

Kwa kawaida maji ya asili huwa na chuma kuanzia nusu miligramu hadi miligramu 50 kwa lita. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kimeweka ukomo wa miligramu 0.3 kwa lita. Mnunuzi asidhani kuwa ukomo huo umewekwa kwa sababu ya sumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) halina kiwango cha chuma kinachotokana na madhara ya kiafya; linaeleza kuwa hadi miligramu 2 kwa lita hakuna hatari kwa afya. Zile miligramu 0.3 ni mahali ambapo nguo na vyombo huanza kushika madoa na ulimi huanza kuhisi ladha ya msumari.

Kwa kulinganisha, kidonge cha kuongeza damu anachopewa mama mjamzito kliniki kwa kawaida huwa na miligramu 30 hadi 60 za chuma. Anayekunywa lita 2 za maji yenye miligramu 5 kwa lita anapata miligramu 10 tu. Hivyo muuzaji anayemtisha mteja kuwa maji ya kutu yataharibu figo za watoto anauza hofu. Wapo wachache ambao miili yao ina maradhi ya kulimbikiza chuma, na hao wana daktari wao.

Madhara yaliyo makubwa huja kwa njia ya kuzunguka, nayo yako mawili.

La kwanza linafahamika vijijini. Watu wakichoshwa na ugali mwekundu na nguo zenye madoa, huiacha pampu na kurudi kwenye dimbwi au mto, ambao maji yake ni laini, matamu, na yana vijidudu. Kisima kilichogharimu mamilioni hubaki kikiota majani, na kuhara hurudi.

La pili huwapata hata wa mjini, na wengi hawalijui. Chuma hula klorini. Kila miligramu moja ya chuma kilichoyeyuka humaliza takriban miligramu 0.64 za klorini kabla ya klorini hiyo kugusa kijidudu chochote. Dozi ya kawaida ya dawa ya kutibu maji meupe nyumbani hutoa takriban miligramu 2 za klorini kwa lita. Sasa maji yakiwa na miligramu 5 za chuma, yanahitaji miligramu 3.2 kwa ajili ya chuma peke yake. Mama aliyetia dawa kwa kufuata maelekezo ya kwenye chupa neno kwa neno anabaki na maji yasiyo na kinga, naye anaamini yametibiwa. Katika nchi iliyopitia mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015, hesabu hiyo si ya kupuuza. Maji ya namna hii yaondolewe chuma kwanza, yachujwe, ndipo yatiwe dawa, au yachemshwe.

CHUMA CHA BOMBA

Aina ya pili imezigharimu serikali na wafadhili fedha nyingi kuliko ile ya kwanza. Pampu ya mkono ya India Mark II, iliyosambaa sana Afrika na ambayo Uganda inajulikana kama U2, kwa kawaida hufungwa na mabomba ya GI, yaani ya chuma yaliyopakwa zinki. Zinki hulinda chuma pale maji yanapokuwa hayana asidi. Maji yakiwa na asidi, zinki huisha haraka na chuma kikabaki uchi.

Suala hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1994 Benki ya Dunia na UNDP walichapisha kazi ya Otto Langenegger kuhusu ubora wa maji na kutu ya pampu za mkono barani Afrika, iliyofanyika zaidi Afrika Magharibi. Ilionyesha kuwa maji yenye pH chini ya 6.5 hula mabomba ya GI, na kwamba ikishuka chini ya 6 zinki haina msaada wa maana. (Kwa asiyefahamu, pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi.) Pamoja na hayo GI iliendelea kununuliwa, kwa sababu ni rahisi dukani na kila fundi anaijua. Uganda ilisimamisha matumizi ya mabomba ya GI kwenye pampu zake mwaka 2016, yaani zaidi ya miaka 20 baada ya kazi hiyo kuchapishwa.

Mbadala haukuwa mbali. Pampu ya Afridev, ambayo ilifanyiwa kazi kubwa ya majaribio huko Kwale, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1980, hutumia bomba la plastiki. Pampu ya NIRA ya Kifini, inayofahamika vizuri na watu wa Mtwara na Lindi, nayo bomba lake ni la plastiki. Kwa kisima kirefu zaidi mtu anaweza kutumia chuma cha pua, ingawa hapo mnunuzi ajihadhari na bidhaa hafifu zinazouzwa kwa jina hilo.

Namna ya kutofautisha chuma cha ardhini na cha bomba haihitaji mtaalamu. Kisima kikilala usiku mzima bila kutumika, chota glasi ya kwanza alfajiri. Kisha pampu hadi maji yote yaliyolala ndani ya bomba na kisima yatoke, jambo linaloweza kuchukua ndoo nyingi, ndipo uchote glasi ya pili. Ziache zote mbili hadi jioni. Kama ya kwanza ni nyekundu na ya pili ni safi au imefifia sana, mabomba ndiyo yanayoliwa. Kama zote zina rangi moja, chuma kinatoka ardhini. Yanaweza kuwepo yote mawili kwa pamoja, na hapo maabara ndiyo itakayoamua.

Kuna dalili ya tatu inayochanganya watu. Ni utando unaong'aa juu ya maji kama mafuta ya taa, pamoja na ute wa rangi ya chungwa ndani ya tangi na kwenye tundu za bomba la mvua. Wapo waliodhani wamegundua mafuta uani. Ukigusa utando huo kwa kijiti ukapasuka vipande vipande kama barafu nyembamba, hiyo ni kazi ya bakteria wanaoishi kwa chuma. Mafuta halisi hujikusanya tena. Bakteria hao hawaleti ugonjwa, ila huziba pampu na kutoa harufu, na dawa yao ni kukitibu kisima chenyewe kwa klorini nyingi na kukisafisha. Chujio la jikoni haliwafikii.

CHUPA YA MAABARA

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, na mwenye kisima anaweza kupeleka sampuli kwa malipo. Mchimbaji mwenye leseni hapaswi kushangaa akiombwa cheti cha vipimo baada ya majaribio ya kupampu. Akisema "maji haya ni matamu, nimeyaonja mwenyewe", hicho si cheti.

Lakini cheti nacho kina mitego. Sampuli ya chuma hutakiwa kutiwa tone la asidi pale pale kisimani, katika chupa iliyoandaliwa na maabara. Ikichotwa kwenye chupa ya soda na kusafiri siku mbili ndani ya basi, chuma hugeuka kutu njiani na kuganda ukutani mwa chupa. Maabara hupima maji yaliyobaki, jibu hurudi likiwa zuri, na mwenye nyumba huendelea kufua mashati ya njano huku ameshika karatasi inayosema hana tatizo. pH nayo ipimwe kisimani, kwa kuwa hubadilika maji yakikaa. Mtu aombe namba zote mbili, chuma na pH. Bila ya pili, ya kwanza haimsaidii kuchagua kifaa.

Aidha, kuondoa chuma hakuondoi kitu kingine. Kisima cha pwani chenye chumvi kitabaki na chumvi. Floridi inayoharibu meno ya watu wa Arusha na Kilimanjaro haionekani wala haina ladha, na chujio la kutu halina habari nayo.

HEWA NI BURE, MUDA NDIO ADIMU

Njia ya kuondoa chuma cha ardhini ni ya zamani na msingi wake ni mmoja: ipatie maji hewa, yape muda, kisha yachuje. Hewa inayotakiwa ni kidogo mno. Kila miligramu ya chuma huhitaji miligramu 0.14 tu za oksijeni, wakati maji yaliyopigwa hewa vizuri katika joto la Dar es Salaam hubeba takriban miligramu 8 kwa lita. Hiyo yatosha kwa chuma cha zaidi ya miligramu 50. Kwa hiyo mitambo ya kusukuma hewa yenye injini mara nyingi haina sababu nyumbani. Bomba lenye matundu mengi linalomwaga maji kama mvua juu ya trei ya kokoto, kabla hayajaingia kwenye tangi, linafanya kazi hiyo.

Kinachopungua ni muda, na muda unaamuliwa na pH. Ikiwa juu ya 7, chuma hugeuka kutu ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi. Kila pH inaposhuka kwa namba moja, kazi hiyo huwa polepole takriban mara 100. Kwa maji yenye pH 6 mtu anaweza kumwaga maji hewani siku nzima na bado chuma kikapita kwenye mchanga kikiwa kimeyeyuka, kije kugeuka kutu ndani ya birika. Hapa ndipo machujio mengi "hushindwa", na muuzaji na mteja hulaumiana bila yeyote kutaja asidi. Tiba yake si ghali pwani: vipande vya mawe ya chokaa vikipangwa kwenye njia ya maji hupunguza asidi. Vioshwe mara kwa mara, maana navyo huvikwa kutu vikaacha kufanya kazi.

Mpangilio unaofaa kwa nyumba ya kawaida ni wa matangi mawili na chujio katikati yake. Tangi la kwanza, lililoinuliwa, hupokea maji kwa mtindo wa mvua na kuyalaza usiku. Koki yake iwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili isivute tope, na chini kabisa kuwe na koki nyingine ya kutolea hilo tope. Kutoka hapo maji hupita kwenye mchanga uliooshwa, uliolazwa juu ya kokoto, na kuingia tangi la pili. Kwa asiye na matangi, ndoo mbili hufanya kazi hiyo hiyo kwa kiasi kidogo: maji yamiminwe kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kadhaa, yalale, kisha yachujwe kwa mchanga. Kitambaa peke yake hupitisha kutu iliyo laini.

Kabla ya kulipia chujio lolote mnunuzi afanye hesabu ya uchafu. Nyumba inayotumia simtanki la lita 1,000 kwa siku, maji yakiwa na miligramu 5 za chuma kwa lita, huingiza gramu 5 za chuma kila siku. Kwa mwaka ni kilo 1.8, na chuma kikishageuka kutu uzito wake huongezeka hadi kilo 3.5 hivi, mbali na maji yanayoshikiliwa humo. Mzigo huo wote lazima utoke kwa njia fulani. Chujio lisiloweza kuoshwa kwa kusukuma maji kinyumenyume, au ambalo mchanga wake haukwanguliki, litakufa. Mishumaa ya kauri ya machujio ya mezani huziba upesi kwa maji haya, na mitambo ya kisasa ya utando inayotengeneza maji ya chupa huharibika vibaya zaidi. Vifaa hivyo si vibovu. Mahali pake ni baada ya chuma kuondolewa.

Yapo pia machujio yenye punje maalumu zilizovikwa manganizi, ambazo hukamata chuma haraka na kuchukua nafasi ndogo. Yanafaa hoteli na viwanda vidogo. Baadhi yake huhitaji kuamshwa kwa dawa ya pamanganeti, na anayeyauza aulizwe dawa hiyo itapatikana wapi mwakani na nani atakuja kuitia. Kama jibu ni namba ya simu tu, bei iliyotajwa haijakamilika.

Mwenye chuma cha bomba hahitaji lolote kati ya haya. Ang'oe GI kisimani, aweke plastiki inayostahimili shinikizo la kina chake, na kama asidi ni kali apitishe maji kwenye chokaa ili koki na vifaa vya ndani navyo visiliwe.

MASHUKA YA GESTI

Wanaoumia kibiashara bila kelele ni wenye gesti, madobi na wauza barafu. Shuka jeupe likishapata madoa ya kahawia, wengi hulitia dawa ya klorini ya kung'arishia. Hilo ni kosa, kwani klorini hukiivisha chuma kiwe kutu ndani ya nyuzi na doa likawa la kudumu. Doa la kutu huondoka kwa asidi. Ndimu iliyokamuliwa pamoja na chumvi, shuka likaanikwa juani likiwa bado bichi, kisha likasuuzwa kwa maji yaliyochujwa, huokoa madoa mengi mapya. La zamani lililokwisha pigwa klorini mara tatu, hilo likatwe matambara ya kudekia.